Sinia la Baba Mkwe

Mtu akiniambia nina akili za kitoto simkatalii. Nina miaka arobaini na moja, nina kibanda changu cha ushonaji pale Makandana, nina mume na binti, na juu ya kabati la vitambaa nina joho jekundu la nailoni ambalo hata mtoto wa darasa la tatu halimtoshi. Ukiligusa bila ruhusa yangu tutakosana.

Lilikuja kwenye belo la mitumba mwaka tisini na tano. Baba yangu aliuza nguo za watoto sokoni Tukuyu, na siku hiyo chini kabisa ya belo akakuta mavazi ya shujaa fulani wa huko ng'ambo: joho, kinyago cha plastiki, mkanda wenye kitufe kinachonguruma, glovu moja (ya pili sijui ilibaki nchi gani), na ngao ya mviringo. Vyote vyekundu, vyote vina nyota ya njano. Jina la shujaa lilikuwa kwa maandishi ambayo hakuna mtu Tukuyu nzima aliyeweza kuyasoma, kwa hiyo sisi tukamwita Bwana Radi. Mimi ndiye nilikuwa Bwana Radi. Mdogo wangu Ackson alikuwa adui, kila siku, miaka mitatu mfululizo. Alilia sana, maskini, lakini mkubwa ni mkubwa.

Nilipoenda shule ya bweni, mama akagawa kila kitu. Nilirudi likizo nikakuta pale palipokuwa na joho pana mfuko wa mbolea. Nilinuna mpaka shule ikafunguliwa.

Basi, miaka mitatu iliyopita nikiwa kwenye bodaboda, nikamwona Bwana Radi amesimama katikati ya shamba la mahindi. Weee! Nilimshika dereva bega karibu tuanguke. Ni kinyago changu, wamekivisha sanamu la kufukuzia ndege. Nikaingia shambani na matope yale, nikamvua, nikamvalisha kofia yangu nzuri ya kanisani. Mwenye shamba alinitazama tu, nadhani aliogopa.

Kuanzia hapo sikulala. Mkanda niliupata kwa mama mmoja aliyekuwa akifungia kuni, nikautia betri ndogo mpya. Glovu alikuwa nayo Twalib, fundi magari wa mtaa wa Bagamoyo hapahapa Tukuyu, anashikia betri. Nilipomweleza ninaitakia nini alicheka mpaka akakaa chini, akanipa. Na joho, jamani, joho alikuwa nalo Ackson! Kalificha miaka yote hiyo kwenye sanduku lake la vyeti, na familia yake haijui. Mwizi yule.

Ikabaki ngao. Nilimbana mama mpaka akakumbuka.

"Nilimpa mzee mmoja wa ndizi. Akanipa mkungu mzima. Alidhani ni sinia, na mimi sikumbishia."

"Mzee gani, mama?"

"Elina, wazee wa ndizi sokoni ni wangapi?"

Mume wangu Lugano alisema niache, vitu vinne vinatosha. Havitoshi! Bwana Radi bila ngao ni mtu aliyevaa joho tu. Kila usiku naangalia pale juu ya kabati naona pengo, na pengo lile linaniuma kama jino. Nilikuwa mtoto mwenye furaha sana, na nilitaka kuiona furaha ile imekaa mahali pamoja, imekamilika. Ndiyo hivyo tu.

Mwezi wa saba binti yetu Tulia akarudi kutoka Nkunga kwa babu yake, baba wa Lugano. Akatupa begi chini, akatazama juu ya kabati, akasema, "Mama, hii nyota ipo kwenye sinia la babu."

Nilijichoma sindano.

Hapa lazima nieleze jambo. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Akija njia hii, wewe unapita ile. Hamwangaliani, hamzungumzi, hugusi vyombo vyake. Nyumba nyingi siku hizi wameacha. Mzee Ambindwile hajaacha. Siku ya harusi mimi nilifunikwa shela na yeye akaangalia dari la kanisa tangu mwanzo wa ibada mpaka mwisho, shingo ikamuuma wiki nzima. Miaka kumi na moja nimekwenda kwake Nkunga, sijui sura yake. Mimi napika jikoni, mama mkwe wangu Tusekile anapakua kwenye sinia la mzee, anafunika kwa jani la mgomba, anampelekea sebuleni. Kwa hiyo mjue kilichokuwa kikiendelea: miaka kumi na moja chakula changu kinabebwa na ngao yangu, hatua nne kutoka nilipokaa, na mimi nimegeuza uso ukutani kwa heshima!

Jumamosi nikafunga vitu vyangu vinne kwenye mfuko, nikamchukua Tulia, tukaenda. Nikamweleza mama mkwe jikoni. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akaingia sebuleni. Kati ya jiko na sebule pana ukuta wa mbao tu, kila neno linasikika.

"Anasema sinia lako lilikuwa lake," mama mkwe akasema.

"Mwambie sinia ni langu," sauti ya mzee ikajibu. "Nililitolea mkungu. Watoto wangu wanne wameoa, wazazi wa wakwe zangu wote wamekula juu yake."

Mama mkwe akarudi. "Anasema..."

"Nimesikia, mama. Mwambie nitamletea sinia jipya, la bati, kubwa."

"Mwambie la bati linapata kutu," mzee akasema kabla mama mkwe hajanyanyua mguu.

Akaenda, akarudi, akaenda, mpaka akachoka akaketi mlangoni. "Ninyi mnasikiana. Mimi goti linauma."

Ningetulia pale. Mtu mwenye adabu angetulia. Lakini mimi nikikasirika mdomo unatangulia, kichwa kinafuata baadaye. Nikapaza sauti kwenye ukuta:

"Baba, lile si sinia! Ni ngao! Geuza nyuma uone, nilichora jina langu kwa msumari!"

Mama mkwe akajifunika mdomo kwa kanga. Hata Tulia aliacha kutafuna. Mungu wangu, nimemsemesha mkwe! Miaka kumi na moja ya adabu nimeimwaga kwa ajili ya plastiki. Nilitamani niingie kwenye chungu cha maharage nijifunike na mfuniko.

Nikasikia ndizi zinahamishiwa kwenye sahani. Nikasikia anakwangua masizi ya miaka mgongoni mwa sinia. Kisha mzee akasoma polepole, herufi moja moja: "E. L. I. N. A." Halafu akauliza, na hakuuliza kwa kupitia mtu, "Ilikuwa ya kazi gani?"

"Ya kukinga, baba," nikasema, safari hii kwa sauti ya chini. "Ukiwa nyuma yake hakuna anayeruhusiwa kukugusa. Ndiyo sheria ya mchezo."

"Na hivyo vingine?"

"Ninavyo hapa."

"Tulia! Niletee."

Tulia akapeleka mfuko. Tukasikia minong'ono, tukasikia mtoto anacheka, tukasikia mkanda ukinguruma. Mama mkwe akaniangalia, nami nikamwangalia. Kisha mlango wa uani ukafunguliwa.

"Mkamwana," mzee akaita. "Toka nje. Usiogope, sioni kitu."

Nikachungulia. Loo! Mzee Ambindwile amesimama kwenye manyunyu, joho limefungwa shingoni juu ya koti la kanisani, mkanda umeishia ubavuni ukashikiliwa kwa kamba ya mgomba, glovu imeingia vidole viwili. Kinyago kimemkaa usoni kama kifuniko cha chupa, na matundu ya macho ameyaziba kwa pamba. Haoni hata jua. Tulia amemshika mkono anamwongoza asikanyage bata. Mkono wa pili amenyoosha mbele, na kwenye mkono ule ipo ngao yangu.

"Shika," akasema. "Jikinge uso. Mimi nimeziba wangu. Hatujavunja kitu."

Nikashika. Nikaweka mbele ya uso wangu. Inanuka maharage na moshi. Na nakiri, nilichungulia kidogo pembeni: ndevu nyeupe, na kidevu kilekile cha Lugano.

"Miaka yote hii nakula chakula chako," mzee akasema. "Chakula kizuri. Sikuwa na namna ya kukuambia. Ndaga, mwanangu. Asante."

Nilimjibu, lakini nilikuwa nacheka na kulia pamoja, sijui kama alisikia vizuri. Mama mkwe yeye alikuwa amekaa chini kabisa, anajipiga mapaja kwa kicheko, goti limepona.

Ngao nimepewa. Masharti ni mawili: nisiende Nkunga bila hiyo, na kinyago kibaki kwake. Kimetundikwa sebuleni kwa msumari, pamba zikiwa tayari ndani ya matundu. Nikibisha hodi nasikia kwanza akikitafuta ukutani, kisha ananiita tusalimiane.

Kwa hiyo juu ya kabati langu pengo bado lipo, sasa la kinyago, wala sina haja ya kuliziba.