Kesi ya Lwitiko

Walikuwa wanafunzi tisa, na kila mmoja alikuwa na beji inayoning'inia shingoni kama mbuzi aliyepelekwa mnadani. Nesta aliwahesabu akiwa amekaa kwenye mkeka kando ya kitanda cha dada yake, anachambua maharage. Ilikuwa wiki ya tano anamuuguza Anyosisye katika hospitali ile ya misheni, nje kidogo ya Tunduma, pale ambapo foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kuingia Zambia ikizidi hufika mpaka getini. Katika wiki hizo tano alikuwa amejifunza kumtofautisha mtu mwenye kazi na mtu mwenye kalamu tu. Hawa walikuwa na kalamu.

Mkufunzi wao, Dokta Raphaeli, alisimama katikati ya wodi akaongea kana kwamba vitanda vile ni viti vya ukumbini.

"Hapa ndipo mtakapokuwa wanasaikolojia tiba wa kweli," alisema. "Hapa ni magonjwa magumu. Siyo zile huzuni za mtu aliyeachwa na mchumba."

Wakacheka, halafu wakaandika. Hata hilo la mchumba waliliandika.

Anyosisye alipewa mwanafunzi mmoja, Lwitiko. "Amegawiwa", ndivyo walivyosema, kama kiwanja. Na huyu Lwitiko hakuwa mgeni. Alikuwa mtoto wa milima ya Ileje hukohuko, kijiji cha pili kutoka kwa kina Nesta, na walisoma wote mpaka darasa la saba, yeye akaendelea, Nesta akabaki. Nesta alimsalimia kwa Kindali. Lwitiko akajibu kwa Kiswahili, tena kile cha taarifa ya habari.

"Asante sana, dada. Mimi ndiye nitakayemhudumia mteja."

"Mteja gani?"

"Mgonjwa. Siku hizi tunasema mteja."

"Haya. Mteja wako umemkanyagia khanga."

Lwitiko akaondoa kiatu. Kilikuwa kiatu cheusi chenye ncha, cha kwenda harusini.

Ugonjwa wa Anyosisye ulikuwa umeanza baada ya msiba. Mtoto wake wa kwanza, Joshua, alifariki akiwa na siku ishirini. Baada ya mazishi Anyosisye akawa anamsikia analia: ndani ya debe la unga, chini ya kitanda, kisimani. Akaacha kula, akaacha kulala, akawa anatoka kumfuata. Mume wake, Yonasi, alikuwa Ndola, kule Zambia, kwenye biashara zake, na simu yake ilipatikana siku alizotaka yeye. Ndipo ndugu wakamleta hospitali.

Aliyemrudisha Anyosisye duniani alikuwa muuguzi, Sista Grace, pamoja na vidonge. Sista Grace hakuwa na fomu. Alikuwa anakuja na shuka za kukunja, anampa Anyosisye ncha moja, yeye anashika nyingine, wanakunja. Siku ya kumi na moja, shuka ikiwa katikati yao, alimuuliza mtoto alifanana na nani. Anyosisye akalia mpaka shuka ikabidi irudi kufuliwa. Tangu siku hiyo alianza kula.

Lwitiko alikuja na fomu ya kurasa sita.

"Katika wiki mbili zilizopita, umejihisi huna thamani mara ngapi? Hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, au karibu kila siku?"

Anyosisye alifikiri. "Tunahesabu na Jumapili?"

Lwitiko akaandika, na Nesta, ambaye macho yake yalikuwa mazima ingawa shule yake ilikuwa fupi, akasoma kichwa chini: *Mawazo hayana mpangilio.*

Ijumaa kukawa na kikao cha kesi. Sista Grace alimweleza Nesta mapema, kwa sauti ya chini, kinachoamuliwa pale. Wakiridhika, Anyosisye anapewa ruhusa siku hiyohiyo, anarudi Ileje, sindano anachoma zahanati ya kijijini. Wasiporidhika, anaandikiwa rufaa kwenda hospitali ya mbali, siku mbili kwa basi, na huko hakuna ndugu wa kulala kwenye mkeka. Waliopelekwa huko mwaka jana walikuwa watatu. Amerudi mmoja.

"Ajibu tu vizuri," alisema Sista Grace. "Mimi siku hiyo siruhusiwi kuingia. Nina wodi."

Nesta akamsuka dada yake, akamvalisha gauni la kanisani. Ukumbini walikuta viti vimepangwa nusu duara na kitambaa cheupe cha projekta kimesimamishwa mbele. Wanafunzi wanane walikaa. Lwitiko alisimama na faili, jasho linamtoka juu ya mdomo.

"Leo," alisema Dokta Raphaeli, akisugua viganja kama mtu aliyeandaliwa kuku, "tunataka kuona mteja anavyoipokea familia. Hajaambiwa, ili tuone hali halisi. Lwitiko, mlete."

Mlangoni akatokea Mzee Ambwene, baba mzazi wa Yonasi.

Mzee alipoona tu ni nani aliyeketi mle ndani alirudi nyuma, akageuka, akabaki barazani amewapa mgongo, kofia mkononi. Wanafunzi wawili wakamfuata. Wakamshika huku na huku, karibu mzee wetu, usiogope mzee wetu, wakamkalisha kwenye kiti kilichotazamana na cha Anyosisye, magoti kwa magoti.

Anyosisye hakupiga kelele. Alivuta khanga ikafunika kichwa chote, akateleza kutoka kwenye kiti, akatambaa mpaka nyuma ya kile kitambaa cheupe, akachuchumaa. Mzee Ambwene alifumba macho. Halafu akainuka, akakigeuza kiti, akaketi akitazama ukuta.

Juu ya kitambaa maneno ya projekta yalikuwa bado yanawaka: JENGA UAMINIFU NA MTEJA.

"Mmeona?" alinong'ona Dokta Raphaeli, na furaha yake haikufichika. "Semeni mlichokiona."

"Hofu kali, Dokta."

"Ugonjwa umerudi. Amejificha kama mtu anayeona vitu."

"Familia nayo inamkataa," alisema mwingine. "Mzee hata kumtazama hataki."

Msichana mmoja mwenye miwani akanyoosha mkono. "Dokta, hofu ya namna hii kwa mwanamume mmoja... huenda huyu mzee alimfanyia kitu kibaya."

Mzee Ambwene alikuwa anasikia. Mabega yake yalipanda yakabaki juu.

Dokta aliitikia kwa kichwa kwa heshima, akamgeukia Lwitiko. "Wewe ndiye mwenye kesi, na wewe ni wa huku. Kuna mila yoyote inayoeleza jambo hili, au ni dalili?"

Lwitiko alimtazama Nesta. Nesta alimtazama Lwitiko. Kila mtoto wa milima ile, hata anayejifunza kutembea, anajua kwamba mke na baba mkwe hawaonani uso: akipita huyu, yule anaacha njia, akiingia huyu, yule anatokea mlango wa nyuma, wakiwa na neno, wanatuma mtu. Wapo walioacha. Kwa kina Ambwene hawajaacha, na kwa kina Lwitiko hawajaacha.

Lwitiko akashusha macho kwenye faili.

"Ni dalili, Dokta," alisema.

Nesta alisimama.

"Samahani, ndugu wa mgonjwa," alisema Dokta, "utapewa nafasi mwishoni."

"Mwishoni mtakuwa mmeshaandika."

"Mama, hili ni darasa. Umesoma mpaka wapi?"

"La saba. Na huyu hapa." Akamwonyesha Lwitiko kwa kidevu. "Mwulizeni mama yake akikutana njiani na baba mkwe wake anafanyaje. Hataki kusema, nitasema mimi. Anaingia kwenye mahindi ya watu. Na ndoo ya maji kichwani. Tulikuwa tunajificha kumtazama, jinsi anavyochomoka mbio na tone halimwagiki. Ana wazimu na yeye? Lwitiko, mamako aandikiwe rufaa?"

Mwanafunzi mmoja alicheka kwa pua. Lwitiko akageuka rangi ya matofali.

"Dada Nesta, tafadhali. Hayo ni mambo ya zamani."

"Ya zamani, na Krismasi mkeo alikula jikoni kwa sababu baba yako yuko sebuleni. Nilikuwepo, nilileta maziwa." Akamgeukia Dokta. "Mnataka kujua tulijuaje dada yangu anaumwa? Siyo kwa kulia. Kila aliyefiwa analia. Siku moja alitoka kichwa wazi, akamfuata huyu mzee uwanjani mbele ya watu, akamkamata mikono yote miwili, akamuuliza, mtoto wangu umemweka wapi. Mzee akaketi chini akalia. Hapo ndipo tukasema, huyu si mzima, tumpeleke. Leo mmemkalisha naye magoti kwa magoti, amejifunika, amekimbia. Mimi nilikuwa nataka kushangilia. Ninyi mnasema ugonjwa umerudi."

Hakuna aliyeandika. Ilikuwa mara ya kwanza.

Nesta hakungoja ruhusa. Alimwendea mzee. "Baba, toka nje usimame dirishani. Sema unachotaka kusema, nitampa."

Mzee Ambwene alitoka haraka kama mtu aliyefunguliwa pingu. Sauti yake ikaja kupitia nondo za dirisha.

"Mwulize mwenzako kama dawa anameza."

Sauti ya Anyosisye ikatoka nyuma ya kitambaa, tulivu kabisa. "Mwambie baba nameza. Ya asubuhi inanilegeza kidogo."

"Mwulize kama mtoto anamsikia bado."

Msichana mwenye miwani akafungua mdomo, na Nesta akamwangalia mpaka akaufunga.

"Mwambie siku nyingine namsikia," alisema Anyosisye. "Lakini najua tulimzika. Siinuki kumfuata."

Nesta hakuhitaji kuyarudia. Mzee alikuwa amesikia. Lakini aliyarudia yote, kwa utaratibu.

Mzee alikohoa. "Mwambie kaburi nimelipalilia. Na nyumba yake nimeikandika upya, moshi ulikuwa unaingia. Mwambie mama mkwe wake atalala naye mpaka Yonasi arudi."

Nyuma ya kitambaa Anyosisye alianza kulia, kilio cha kawaida, cha mtu anayepenga kamasi kwa ncha ya khanga.

Dokta Raphaeli alikuwa mwepesi, hilo lazima likubaliwe. Ilimchukua dakika nzima tu kuwa mtu aliyejua tangu mwanzo.

"Mmeona?" alisema tena, kwa sauti ileile. "Andikeni: mawasiliano ya familia kupitia mtu wa kati. Ndiyo maana nasema mazingira, mazingira! Mteja apewe ruhusa. Lwitiko, kesi nzuri sana. Nitakupa alama za juu."

Na Lwitiko akasema asante.

Kwenye meza ya wodi Lwitiko alijaza karatasi ya ruhusa akiwa ameinamisha kichwa. Nesta alimsimamia. Faili hilo lilikuwa linakwenda zahanati ya kijijini, lisomwe na yeyote atakayechoma sindano, leo na mwaka kesho. Alilivuta, akaanza kusoma kwa kidole, neno kwa neno, na hakuharakisha hata kidogo.

"Hili. 'Ugonjwa umerudi.' Futa."

"Faili halifutwi, dada. Unapiga mstari, unasaini."

"Piga mstari, usaini."

Akapiga.

"'Familia inamkataa.'"

Akapiga.

"Na hili la mzee kufanya kitu kibaya, nani kaliandika?"

"Nilikuwa naandika kila kilichosemwa."

"Ulikuwa unajua si kweli."

Lwitiko alitazama dirishani. "Ungekuwa wewe, mbele ya watu wote wale, ungesema wewe ni mtu wa kukimbilia mahindini?"

"Nilisema," alijibu Nesta. "Piga mstari. Mara mbili hapo."

Alipiga mara mbili. Nesta akasoma tena kuanzia juu, kidole kikitembea, huku Lwitiko amesimama kando anangoja kama anayesubiri kupokonywa kitu. Barazani Anyosisye alikuwa na furushi lake la nguo, akisubiri nyuma ya ukuta mpaka mzee atangulie na gari la kwanza, ili wao wapande la pili.

"Hapa chini pana nafasi," alisema Nesta. "Andika anamheshimu mkwe wake. Kwa herufi kubwa, nesi wa kule haoni vizuri."