Karafuu za Ole

Bi Mwanawema alitoka Ole alfajiri, akafika mahakamani Chake Chake kabla milango haijafunguliwa. Mwendesha mashtaka alikuwa amemwita aeleze jinsi mdogo wake, Hudhaifa, alivyomwibia karafuu zilizoanikwa uani miaka tisa nyuma. Sasa Hudhaifa alishtakiwa kwa kuiba karafuu za mtu wa Wawi. Tangu wizi ule wa kwanza hawakuonana tena, na dada mtu aliitikia wito kwa hamu ya kumwona tu.

Aliposimama kutoa ushahidi, alimkuta amekonda, ndevu zimeingia mvi.

Wakili wa Hudhaifa akainuka. "Mheshimiwa, kesi hii ni ya karafuu za Wawi. Kuiba kwake zamani hakuthibitishi kwamba ameiba na safari hii."

Hakimu alifikiri, kisha akakubali. "Bi Mwanawema, ushahidi wako hatutaupokea. Unaweza kwenda."

"Lakini mie nshamsamehe. Na hilo pia silisemi?"

"Hapa hapana, mama."

Alikaa barazani mpaka adhuhuri. Askari walipompitisha Hudhaifa kumrudisha rumande, alimwita, "Hudhaifa! Ukitoka, njoo nyumbani."

"Ntakuja, dada," alijibu, macho chini.

Mwezi uliofuata aliachiwa huru. Watu walimwona Mkoani akipanda boti ya Unguja. Bi Mwanawema alipoambiwa, alisema huenda ana shughuli huko, akarudi jikoni kupika muhogo wa kutosha watu wawili.