Birika Isiyopoa

Sharti la Maman Twahiru, mama yake Uwase, lilikuwa moja: akiteremsha birika ya chai motoni, Nasiri anaruhusiwa kukaa na Uwase barazani, birika ikipoa, kijana arudi kwao. Birika iliwekwa katikati yao, na Maman alikuwa akija kila mara kuigusa kwa kidole.

Nasiri alitaka neno moja tu. Uwase aseme kwa mdomo wake kama anamtaka, ndipo wazee wake waje kuposa. Keshokutwa Nasiri alikuwa anashuka Bugarama kuanza kazi kwenye kiwanda cha saruji. Lakini kila Uwase alipotaka kujibu ulimi ulikauka, akajificha kwenye kitenge akicheka, na birika ikapoa.

Nasiri, fundi wa kuchomelea vyuma, akachukua kipande cha mkaa, akapiga sakafuni hesabu ya joto linalotoka kwenye birika. Chukua joto la birika, ongeza mia mbili sabini na tatu, namba hiyo iandike mara nne uzidishe zote pamoja. Uwase, aliyeacha shule darasa la tano, akapotelea hapo. Nasiri akamwambia asogeze kiganja karibu na birika, asiiguse. Joto likampiga.

"Hilo linaruka lenyewe, hata upepo usipokuwepo," Nasiri alisema. "Masizi haya ya birika ndiyo yanalitupa nje. Birika ya kung'aa inatupa kama sehemu moja tu kati ya kumi."

Hayo Uwase aliyaelewa vizuri sana. Kesho yake alisugua birika kwa majivu na mchanga mpaka akayaona meno yake ndani yake. Maman akauliza kama kuna waziri anakuja kunywa chai.

Jioni Maman akaigusa birika, akanyonya kidole. Akaenda, akarudi, akanyonya tena. Mara ya tatu akavuta mkeka, akaketi kabisa katikati yao ailinde.

"Hii birika iko na shetani? Mbona haipoe?"

Nasiri akaanza kueleza habari ya mia mbili sabini na tatu, akachanganyikiwa, akajumlisha hata vikombe. Kicheko kikampanda Uwase toka tumboni, kikatoka na woga wote.

"Maman, ni mimi niliisugua, ili akae. Namutaka Nasiri."

Maman alimtazama binti yake, akamtazama kijana. Kisha akainua birika, akammiminia Nasiri kikombe mpaka juu. Chai ilimuunguza ulimi, naye akaendelea kunywa huku akicheka.