Kamera Katika Tofali la Hewa

Kwenye kundi letu la WhatsApp bananiita Kaku Kamera. Kaku ni nyanya, kwa Chiluba chetu cha Kasai. Kamera nazo ni hizi ndogo za bei ya chini zinazokuja kwenye makartoni, ingine sawa na kiberiti, ingine sawa na kidole gumba. Stanislas, anayeuza bitu bya umeme sokoni, ananiazima moja, mi ninaipima, kisha ninasema ukweli kwa sauti yangu: hii nunueni, hii mumwachie mwenyewe. Sikusoma sana, niliishia masomo ya musingi kwa masista, lakini kamera haiombi diploma. Ninaiangusha kutoka kwenye kiti. Ninaishikilia juu ya muvuke wa sufuria ya bukari, ugali wetu. Siku moja niliifunga kwenye mugongo wa kuku, akakimbia nayo parsele nzima, uwanja wote wa nyumba, na batu ba kundi bakacheka mpaka kesho yake.

Kila mara ninaanza na fumbo.

"Banangu, nina jicho halina kope. Halilii, halisinzii, lakini ukilinyima chakula linakufa. Ni nini?"

Mama Simone, tunayeimba naye kanisani, anajibu mbele ya bote: "Ni kamera na betri yake! Kaku, tafuta ingine. Ile hata bata wangu analijua jibu."

Lakini aliyenisikiliza kuliko bote ni Edouard, bwana wa binti yangu Mado. Toka muzee wangu afariki ninaishi kwao, hapa Kasulo, katika aneksi ya chumba kimoja nyuma ya nyumba kubwa. Kwetu, mama-mukwe halali chini ya bati moja na mukwe wake mwanaume. Hatuli meza moja. Hatupeani mukono. Tukikutana kwenye parsele, kila mutu anageuza uso kidogo, kwa heshima. Neno lake linapitia kwa Mado ndipo linifikie, na langu vilevile. Kwenye simu lakini hakuna uso. Kila nikitoa kamera, Edouard ni wa kwanza kuweka kidole gumba. Mi nilikihesabu kidole kile kuwa mazungumzo yetu.

Basi, wakati wa mvua, Stanislas akaleta kamera iliyoandikwa kwenye kartoni kwamba inaona gizani.

"Kaku, hii inaona hata ndani ya gunia."

"Na ndani ya tumbo la muuzaji?" nikamuuliza.

"Ah, Kaku! Mule inazimika yenyewe."

Nitapata wapi giza muchana? Usiku mi ninalala. Kando ya chumba changu kuna depo ya makala, stoo ya makaa ya kupikia, haina dirisha. Edouard alikuwa ameifunga mulango kwa waya, akamutuma Mado aniambie nisiingie, ameweka sumu ya panya. Sawa. Sikuingia. Nilipanda tu kwenye kiti, nikaisukuma kamera katika tofali la hewa, lile la matundu, lililo juu kwenye ukuta kati ya chumba changu na depo. Mado alikuwa ametoka kwenda kuuza bikwembe, vitenge vyake, batoto bako masomoni. Nikaiacha inachungulia mule muchana wote.

Jioni nikatoa ile kadi ndogo, nikaitia kwenye simu.

Picha ilikuwa ya kijivu, lakini safi. Nikaanza kufurahi kwa ajili ya Stanislas. Mifuko ya makala ilikuwa imesukumwa pembeni. Chini, bati lililala juu ya mbao. Nikaona bati linanyanyuka. Kikatoka kichwa chenye torshi. Kikafuata kifua. Mutu akajivuta, akakaa kwenye ukingo wa shimo, akipumua kwa kinywa. Matope mwili mzima, hana shati, hana suruali, ni nguo ya ndani peke yake. Akajipangusa uso.

Edouard.

Edouard niliyemusikia asubuhi anaaga kwenda ofisini, kwenye kampuni ile ya malori, na viatu vinang'aa. Shati Mado alilomupigia pasi lilikuwa nyuma yake, limetundikwa kwenye musumari. Akavuta kamba, akapandisha mufuko mmoja wa mawe ya kobalti, na mwingine. Kisha akarudi chini.

Nikazima simu. Kikombe changu kilikuwa kinatikisika kwenye etajeri, rafu ya ukutani, siku nyingi, nikafikiri ni malori ya barabarani. Kumbe barabara iko chini ya kitanda changu. Hapa Kasulo hakuna asiyejua mwisho wa kuchimba mawe chini ya nyumba: kule nyuma ya kanisa kuna nyumba iliingia ardhini na sahani zake zikiwa mezani.

Mutu mwingine angetoka mbio akimuita Mado. Mi nilibaki nimekaa. Maana nitasema nimeona nini? Kwanza nitasema nimemuona mukwe wangu bila nguo. Kwetu hilo si neno dogo. Ni lazima bazee bakae, mbuzi ya kuosha aibu itoke, na neno litamkwe mbele ya familia zote mbili, nani aliona, wapi, namna gani. Mado ataaibika, na Edouard hatanyanyua tena uso mbele ya bandugu zake. Nikinyamaza, tutashuka chini sote. Ningeweza kwenda Tenke kwa ndugu yangu, lakini Mado na batoto banalala juu ya ardhi ileile, na kila mutu angeuliza kwa nini mukwe amenifukuza.

Nikamutumia Mama Simone fumbo, peke yake. "Mutu akimuona mukwe wake kwenye kioo cha simu, si kwa macho, ameona ao hajaona?"

Akajibu kwa sauti, akicheka sana. "Ameona, Kaku! Kioo si pazia! Mbuzi itoke! Lakini nani huyo? Nipe jina, nitafunga kinywa."

Sikumupa.

Toka hapo nikawa mufungwa wa chumba changu. Choo kiko upande wa pili wa parsele, na kukifikia ni kupita mulango wa depo. Nilikuwa ninasikiliza kwanza, kama kuku mwenye banawe. Chuma kikigonga chini, ko, ko, ninajua yuko kule, ninatoka. Kikinyamaza, ninarudi upesi na kujikaza. Usiku nililala upande mmoja wa kitanda, kana kwamba kilo zangu ndizo zitaangusha nyumba.

Batu ba kundi bakaanza kuuliza. Kaku, kamera ya giza imekushinda? Ndipo nikaona njia. Nikarekodi:

"Banangu, kamera hii ni ya kweli. Niliiweka katika tofali la hewa. Inaona gizani kuliko nilivyotaka ione. Mwenye kuinunua ajue: kuna kitu kikionekana, mwenyewe afadhali akiache, kabla nyumba haijakisema."

Bakaona ni maneno ya utani. Kidole gumba cha Edouard kikaja, cha kwanza, kama siku zote. Nikafurahi. Nikasema, amesikia.

Na kweli alisikia. Asubuhi nilifungua mulango, kamera iko kwenye kizingiti. Toka nilipotoa kadi nilikuwa nimeiacha mulemule katika tofali, na yeye ameitoa kwa upande wake, akaifunga katika kitambaa safi, kilichopigwa pasi. Heshima yote ile! Nikainama kuiokota, na chini ya nyayo zangu nikasikia: ko, ko, ko.

Aliendelea. Alijua ninajua, alijua pia siwezi kusema. Bukwe ulikuwa umenifunga kinywa, na yeye ndiye aliyeshika kamba.

Nilikaa na hilo mpaka muchana. Nikasikia bati linawekwa, pikipiki yake inapakiwa mifuko, inaondoka kwa wanunuzi wa mawe. Nikachukua kiti changu cha plastiki. Nikafungua ule waya wa mulango wa depo kwa meno ya koleo la jikoni. Nikaweka kiti juu ya bati, katikati kabisa, nikakaa. Mbao zikalia kidogo chini yangu.

Pikipiki ikarudi. Hatua zikafika mulangoni, zikasimama.

"Nani iko mule?"

"Ni mi, mukwe wangu."

 Aliposema tena, sauti ilikwenda upande mwingine. Alikuwa amegeuza mugongo.

"Mama, toka. Mule kuna sumu ya panya."

"Panya nilimuona, Tata, baba yangu. Anavaa torshi kichwani."

Akakohoa. Sijui kama kilikuwa kikohozi.

"Mama aliona... yote?"

"Niliona. Mbuzi nitatafuta mi mwenyewe. Kwanza shimo."

"Kazi iliisha toka Pasaka," akasema. "Balitupunguza kule kampuni. Mado hajui. Kila siku ananipigia shati pasi, Mama. Ningemuambia namna gani?"

"Kwa hiyo utamuambia kutokea chini?"

"Imebaki kidogo tu. Mushipa wa mawe ni mzuri, unaelekea huku."

"Huku wapi?"

Nikasikia anakwangua matope kwenye kiatu.

"Kwenye kitanda changu?"

"Umeshapita kitanda cha Mama," akasema polepole. "Unaelekea chumba cha batoto."

Nikashika kiti kwa mikono miwili.

"Basi nitoe," nikasema. "Ingia, unishike mukono, unitoe."

"Mama, unajua siwezi."

"Ninajua. Ndiyo maana nimekaa."

Mvua ikaanza juu ya bati la paa. Nilimusikia anakaa chini, nje, chini ya ukingo wa paa. Mugongo wake kwangu, mugongo wangu kwake. Miguu yangu ikafa ganzi. Haja ndogo ikanishika, na ni kwa neema ya Mungu tu niliweza kujizuia. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuondoka.

"Nitaziba," akasema mwishowe. "Nimechoka, Mama. Ondoka, niingie nizibe."

"Nikiondoka utaingia, hilo ni kweli. Kuziba sijui."

"Ninaapa."

"Uso wako siwezi kuuona, Tata. Kiapo bila uso nitakipima na nini?"

 Alijua si matusi, ndivyo ilivyo. Kama angekuwa mwanangu wa kumzaa, ningemushika masikio yote mawili, nimutazame machoni, na neno lingeisha pale.

"Udongo ulioutoa uko wapi?" nikauliza.

"Katika mifuko, nyuma ya choo."

"Ulete mpaka mulangoni. Ukifika, uweke chini, ugeuke. Mi nitamwaga."

"Mama, kwa nguvu gani?"

"Kwa ile niliyomuzalia muke wako. Leta."

Alileta. Alikuja kinyumenyume, akasukuma beseni la kwanza la udongo kwa kisigino likavuka kizingiti. Nikasogeza kiti, nikanyanyua pembe ya bati na ubao mmoja. Hewa ya baridi ikanipiga usoni. Nikapiga magoti, nikainamisha beseni. Udongo ulikwenda, ukakawia, ndipo nikausikia umefika. Nikalisukuma beseni nje. Likarudi limejaa.

Tulikuwa tunafanya hivyo wakati geti lilipolia.

"Edo?" Ni Mado, na mizigo yake kichwani. "Edo, mbona uko kwenye mvua? Na shati ile! Mama yuko wapi?"

Edouard alisimama na beseni mikononi. 

"Muambie," nikauambia ukuta.

Beseni likaingia kwa kisigino. Kisha nikasikia anavuta pumzi, kama siku ile kwenye picha, kwa kinywa.

"Mado, weka mizigo chini," akasema. "Kuja ukae hapa. Kuko neno."

Mi nikainamisha beseni shimoni.