Kadi za Kurudi

Saa nane kasoro dakika kumi Mektilda alivua koti la wodini, akalikunja, akalitia kwenye mkoba wa ukili, akakata Mnazi Mmoja kwa miguu kuelekea Kariakoo. Koti la pili lilimngoja kliniki. Asubuhi alikuwa mwanafunzi wa udaktari. Mchana alikuwa mtafiti wa shahada ya uzamivu. Alikuwa wa kwanza kuingizwa kwenye mafunzo hayo ya shahada mbili kwa pamoja, na wakubwa walishatamka kwamba akishindwa yeye, hataingizwa mwingine. Basi mtoto wa watu hakukaa chini tangu Januari. Hata chai aliinywa huku anatembea.

Kliniki ilikuwa nyumba ya kupanga nyuma ya soko jipya, ambalo mwaka huo wa sabini na nne lilikuwa bado linajengwa. Utafiti ulihusu vidonge vipya vya malaria kutoka ng'ambo. Watoto sitini wa Kariakoo na Buguruni walipewa vidonge, na kila mmoja alipewa kadi yenye tarehe: arudi kila baada ya wiki mbili, achomwe kidole, damu ikaangaliwe kwenye hadubini. Mektilda aliwaambia mama zao kwa ukali kwamba kurudi ni lazima na hakuna udhuru.

Wale mama hawakuhitaji kufundishwa mambo ya foleni. Walikuwa na foleni ya sukari, ya unga, ya mafuta ya taa. Alfajiri kila mmoja aliweka jiwe lake mlangoni kushika nafasi, akaenda zake kwenye biashara.

Alhamisi moja Sabaha, binti wa miaka mitano wa Sitara muuza vitumbua, alifia wodini mikononi mwa Mektilda, homa imempanda kichwani. Mektilda aliandika kifo hicho kwenye daftari la wodi. Wakamzika Buguruni alasiri hiyo hiyo. Jumatatu ilikuwa tarehe ya kadi yake, na Sabaha akarudi.

Alikuja kwa miguu, sanda ameifunga shingoni, mchanga umejaa kwenye nywele. Sitara, aliyekuja kurudisha kadi, alimkuta ameshakaa juu ya jiwe lao.

"Si huyu amezikwa juzi?" akauliza mwanamke mmoja. "Basi apitishwe mbele."

"Apitishwe mbele ana haraka gani?" akajibu wa nyuma yake. "Foleni ni foleni, bwana."

Sabaha akangoja zamu yake. Kidole kilipochomwa kilitoa tone jeupe kama maji ya mchele. Kwenye hadubini hakukuonekana kijidudu hata kimoja. Mektilda akaandika kwenye daftari la utafiti, kwa mwandiko ule ule wa wodini: amerudi, damu safi.

Kufikia Juni waliorudi kwa namna hiyo walikuwa tisa, na damu yao ilikuwa safi kuliko ya walio hai.

Mektilda akachukua madaftari yote mawili, akampelekea Profesa Augustino, msimamizi wa utafiti. Profesa aliyasoma taratibu.

"Hapa umeandika amekufa."

"Ndiyo, Profesa."

"Na hapa umeandika amerudi."

"Yote mawili ni kweli. Profesa, hii dawa haiponyi!"

"Wodi ni kazi yako ya asubuhi, Ndugu Mektilda. Mimi nasimamia ya mchana. Asiyerudi tunaandika hakurudi, na hapo ni lazima tuulize kwa nini. Aliyerudi na damu safi amepona." Akafunga madaftari. "Vidonge vinatakiwa vijijini kabla ya mvua za vuli."

Mektilda alitoka na hasira. Lakini njiani akili ilimjia. Hao tisa wasiporudi, Profesa atalazimika kuuliza. Wasiporudi, dawa itasimama. Na kinachowarudisha ni tarehe ya kadi; bila kadi hawatarudi.

Jumatatu alianza na Sitara, ambaye alikuwa amempakata Sabaha kwenye foleni, anamsuka.

"Mama Sabaha, naomba hiyo kadi."

"Ya nini tena, daktari?"

Mektilda akamweleza yote, vidonge, vijiji, watoto wa huko. Sitara alisikiliza huku anatoa mchanga kwenye nywele za mwanawe, chembe chembe.

"Nawaonea huruma hao watoto, wallahi," akasema. "Lakini huyu ni wangu. Kila wiki mbili namsuka. Unataka nimzike mara ya pili?"

Nyuma yake walikuwa mama wanane, kila mmoja amemkumbatia wake. Hakuna aliyekuwa hajasikia. Mektilda alijiona mchawi, na alijua kwamba hakukosea. Alisimama pale na mkono ameunyoosha. Sabaha akadhani ni zamu yake, akampa kidole.

Mektilda akavuta jiwe la mtu, akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Januari. Akachukua kadi, akaandika tarehe ya wiki mbili mbele, akamrudishia Sitara.

Ripoti ilisema watoto sitini walianza na sitini walirudi. Mektilda alipewa shahada zote mbili. Mwezi wa Septemba malori yalipakia masanduku ya vidonge kwenda vijiji vya Ujamaa, mikoa yote, na ndani ya kila sanduku, juu ya vidonge, zilikuwa zimepangwa kadi za kurudi.