Kaburi la Filamu Buganguzi

Shaban Uledi alikuwa na aibu moja ambayo hakuwahi kumwambia hata mkewe Shamsa: filamu zake za kutisha zilikuwa zinachekesha. Mtu anauza cherehani ya marehemu mama yake ili anunue kamera ya video, anapiga picha za harusi Bukoba mjini mwaka mzima ili apate mikanda ya kutengenezea mizimu, halafu mzimu ukitokea watu wanashika mbavu. Kule Kaagya bibi mmoja alicheka mpaka ikabidi aletewe maji.

Na tuseme ukweli, walikuwa na haki. Usiku wa Shaban ulikuwa jua la saa nane lililofunikwa kwa karatasi ya nailoni ya buluu kwenye lensi. Damu yake ilikuwa nyanya. Mzimu wake, Damian, alikuwa fundi baiskeli mwenye kitambi, amepakwa majivu. Tena ilikuwa ile miaka ya tisini mwanzoni. Vita ya Amin ilikuwa imeshapita juu ya watu hawa, kisha Juliana, maana ndivyo walivyouita Ukimwi, ukawa unaingia nyumba kwa nyumba. Mtu aliyetoka kuzika asubuhi utamtishaje na majivu?

"Dawa yao ni kaburi la kweli," Shaban alimwambia Damian. "Nikilipata, hakuna atakayecheka."

Alilipata Buganguzi, kwa urahisi ambao ungepaswa kumtia shaka. Ma Bernadina, mama wa makamo mwenye kibanja kizuri cha migomba na kahawa, hakutaka malipo. Alitaka jambo moja tu: shimo lichimbwe pale atakapoonyesha yeye. Akaonyesha, kando ya kaburi la baba mkwe wake. Shaban akatazama mwanga, akaupenda, akajisifu moyoni kwamba leo amempata mama asiyejua kitu. Asiyejua kitu, eti.

Vijana wa kuchimba hawakuhitaji kuelekezwa, kwani miaka ile kazi hiyo haikuwapungukia. Walitoa kaburi lililonyooka kuta zote. Damian, ambaye alitakiwa kulala humo kisha afufuke, akachungulia, akarudi nyuma.

"Mimi humo siingii."

"Damian, wewe si mzimu?"

"Mzimu wa huku juu. Nina watoto, Shaban."

Wakabishana mpaka majivu yakaanza kuchuruzika na jasho. Mwisho Shaban akakata tamaa, akasema basi, lifukiwe warudi mjini. Ndipo Ma Bernadina akaweka chini kikapu chake.

"Mwanangu, kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Litatafuta mtu. Kateni mgomba, tuuvishe shuka, tuuzike. Ndivyo tunavyofanya sisi."

Vijana wakasema kweli, ndivyo. Shaban akafikiri haraka, akaona mambo hayajaharibika. Atapiga picha za mazishi, kisha Damian atokee kwenye mibuni, na mzimu utakuwa umepatikana bila mtu kuingia shimoni. Alichokosa ni mtu wa kulia. Na huyo alikuwapo: Gamaliel, kaka mkubwa wa mume wa Ma Bernadina, ambaye tangu asubuhi alikuwa amevaa koti la Jumapili, akipitapita mbele ya kamera.

Sasa, kuna jambo ambalo kijiji kizima kililijua isipokuwa Shaban. Kristofa, mume wa Ma Bernadina, aliondoka na mgambo mwaka wa vita na hakurudi, wala mwili wake haukuletwa. Kila mkewe alipotaka kuweka matanga, Gamaliel alikataa. Mdogo wangu yu hai, alisema, ameonekana Masaka, kule Uganda, na mwanamke. Na maadamu Kristofa yu hai, kahawa ya kibanja kile ilivunwa na Gamaliel, eti anamtunzia. Ma Bernadina akabaki si mke si mjane, na kijana wake Privatus akabaki si mrithi wa chochote.

"Mzee, wewe ndiye mfiwa," Shaban akamwambia Gamaliel. "Lia kama umefiwa na ndugu yako wa tumbo moja. Tena umtaje jina, ndiyo inanoga."

Kamera ikawaka. Gamaliel alianza kwa madoido, mikono kichwani, uso akiuelekeza kwenye lensi. Mgomba ukateremshwa ndani ya shuka lake. Akachota udongo, akautupa, ukatua juu ya shuka kwa ile sauti ambayo kila aliyekuwapo alikuwa ameizoea.

"Kristofa," Gamaliel akasema. Kisha akasema tena, safari hii bila kuitazama kamera. "Kristofa, mdogo wangu. Tulikungoja."

Wanawake wa jirani waliokuja kutazama wakakipokea kilio. Huo ndio wakati Shaban alipotakiwa kumpungia Damian mkono. Akamwona pale kwenye mibuni, machozi yamemchorea mistari kwenye majivu, na mkono wake Shaban ukawa mzito. Aliona uchungu, akaona na haya, akaendelea kupiga picha mpaka mkanda ukaisha.

Kaburi lilipofukiwa, Gamaliel akajifuta uso na kuzinduka.

"Hii ilikuwa filamu," akasema.

"Filamu ya mzimu," akajibu Ma Bernadina. Alikuwa ameshakaa chini kando ya udongo mbichi, amejifunga kamba ya mgomba kiunoni kama wajane wafanyavyo. "Mzimu umeuona wapi, shemeji? Umemzika mdogo wako kwa mkono wako, umemlilia kwa jina lake, na watu wameona. Kahawa ya msimu huu ataivuna Privatus."

Gamaliel akawatazama watu, nao wakamtazama. Akavua koti lake la Jumapili, akaketi chini karibu na shemeji yake.

Shaban alibaki na filamu ya mzimu isiyo na mzimu, na mkanda mwingine hakuwa nao. Akaionyesha hivyo hivyo Kamachumu, kwenye ukumbi wa video wenye jenereta. Watu wakaucheka usiku wake, wakaicheka nyanya, wakakicheka kitambi cha Damian, ambaye katika picha hizo za mwanzo alikuwa bado hajafa. Yakafika mazishi. Shaban alisimama kando ya deki ya video akikingoja kicheko cha kwanza, na hakikuja. Picha ilipoisha, hakuna aliyeinuka. Miaka yote alikuwa ametamani ukumbi usiocheka, na sasa ameupata, akatamani mtu yeyote akohoe.

Alikuwa anakunja waya mama mmoja alipomjia, kanga kaishika kifuani. Nyuma yake walisimama wengine wawili.

"Nisameheni," Shaban akawahi kusema. "Najua mzimu haukutokea."

"Achana na mzimu," mama akamwambia. "Mume wangu alikwenda na mgambo, kama yule. Filamu nyingine ukaipigie kwangu. Mgomba ninao, na shemeji zangu wanapenda sana kupigwa picha."