Sura ya Nne

Ukurasa wa kwanza ulitoka kwenye mashine umelowa chepechepe. Mchapaji aliukung'uta, akauanika kwenye kamba nyuma ya kaunta, akasubiri wa pili. Nao ukatoka ukichuruzika maji ya buluu yenye harufu ya kiwanda cha nguo.

"Dada, tasnifu yako inahusu nini?"

"Mto wa kwetu," mwanafunzi akajibu, macho kwenye saa ya ukutani. Ofisi ya kupokea tasnifu ilikuwa inafungwa jioni hiyo, na asiyewasilisha angesubiri mwaka mzima.

"Basi ndiyo hayo. Juzi nimechapa ya nyuki, tulifanya kazi tumejifunika mataulo. Kuna kitu umekitoa?"

"Sura ya nne. Msimamizi wangu kasema niitoe, la sivyo hasaini. Kiwanda cha nguo ndicho kilichotujengea maabara chuoni."

"Maji hufuata mkondo," mchapaji akasema. "Ukiyaziba huku, yanatokea kule."

Sura ya nne ilieleza kile ambacho kiwanda kilikuwa kikimwaga mtoni kinyemela, na jinsi wanawake wanaofua pale wanavyochubuka mikono hadi viwikoni. Mmoja wao alikuwa mama yake. Mama huyo huyo alishawatangazia majirani kwamba binti yake anamaliza chuo.

"Irudishe," mwanafunzi akasema.

Mchapaji akairudisha. Kurasa zikatoka kavu, zina joto la mashine, zikajipanga zenyewe. Mwanafunzi akazikumbatia kifuani. Dukani hapakusikika kitu ila matone kutoka kwenye kamba. Mara simu ikaita.

"Uko wapi wewe? Mimi naondoka sasa hivi," msimamizi akasema. "Na ile sura?"

Mwanafunzi alimtazama mchapaji. Mchapaji alikuwa anafuta kaunta, wala hakuinua uso.

"Nimeitoa, mwalimu."

Akazirudisha kurasa kwenye kaunta. "Kaka, nichapie ile ya kwanza. Samahani."

"Mimi kazi yangu wino," mchapaji akajibu, bila kinyongo.

Akaijalidi mbichi hivyo hivyo, jalada gumu jeusi, herufi za dhahabu, akaifunga kwenye nailoni. Mwanafunzi akakimbia nayo, sketi ikimganda mapajani. Msimamizi alisaini, akapangusa kalamu kwa leso, akampa hongera. Karani wa mapokezi alipiga muhuri, akaichukua kwa mikono miwili na kuilaza ndani ya beseni.

"Za namna hii zina rafu yake kule chini," akasema. "Mfagizi anazikamua kila asubuhi."

Nje, mwanafunzi alimpigia mama. Mama alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza, akamwita msomi wake, akamwita mwanga wa nyumba. Mwanafunzi alisubiri mpaka mama akaishiwa pumzi.

"Na mto, mama?"

"Mto upo, mwanangu. Leo umekuja mwekundu. Haya, ngoja nikate, nguo za watu zinanisubiri."